Mke wa Utani

Niseme wazi tangu mwanzo: siombi msamaha kwa mtu. Mume wangu aliitwa "bwana yangu" na mwanamke mwingine mchana kweupe, kando ya mto Luapula, mimi nimesimama hapo hapo na viatu vyangu vya ofisini, na wazee wenye mvi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ungefanya nini? Ungepiga makofi?

Mwaka ule wa 1961 Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Ilikuwa na bendera yake, stempu zake na ofisi nyingi zilizozaliwa juzi. Mume wangu, Liévin, mzaliwa wa Kasenga, alikuwa katibu katika ofisi ya mipaka hapa Élisabethville. Mimi, Delphine, nilikuwa mpiga taipu katika ofisi hiyo hiyo, mashine yangu karibu na mlango wa mkurugenzi, Monsieur Stanislas. Baba yangu alikuwa fundi wa reli kutoka Kabalo. Siku zile mtu wa kaskazini alichunga mdomo wake mjini, maana kwetu wengi hawakuutaka utengano ule, na mimi niliuchunga wangu vizuri, isipokuwa siku moja.

Ugomvi ulikuwa juu ya Kampumbu. Ni kisiwa, ukipenda kukiita hivyo: mchanga, matete na vibanda vya kukaushia samaki, katikati ya mto, kati ya Kasenga na upande wa Waingereza, yaani Rhodesia ya Kaskazini. Lakini mvua zikianza, samaki wanaoitwa mpumbu hupanda mto kwenda kutaga, na hupita hapo kwa maelfu. Baba mkwe wangu na wanawe walivua Kampumbu tangu zamani. Basi baada ya utengano watu wa ng'ambo wakasema kisiwa ni chao, wakazichukua nyavu za mzee.

Monsieur Stanislas alitaka usuluhishi wa kimataifa. Kila upande uchague hakimu wake, hao wawili wamchague wa tatu kutoka Ulaya, na watakachoamua kifuatwe na wote. Sababu yake haikuwa samaki. Mchana mmoja nilimsikia akimwambia mshauri wake Mbelgiji kwamba siku Mwingereza atakapoketi na Katanga mbele ya hakimu mmoja, siku hiyo Katanga ni dola, hata dunia ikinuna.

Liévin alitaka pande mbili ziketi zenyewe zizungumze.

"Monsieur le directeur," alisema, "hakimu atachora mustari mumoja. Na Kampumbu inatembea. Mayi ikijaa, mwaka ingine iko fasi ingine. Halafu Muingereza hatakubali, juu anasema shiye hatuko État, hatuko inchi ya kweli. Lakini bale bantu ba ng'ambo banatujua. Banatuzika, na shiye tunabazika."

Mkurugenzi akampa nafasi mpaka mvua zianze. Mimi nilitumwa kwenda naye kuandika yatakayosemwa. Nilifurahi, nikashona gauni jipya.

Upande wa pili ulikuja Kasenga kwa mtumbwi, na aliyesemea ukoo wao alikuwa mwanamke. Jeanne aliitwa, mjane, mwenye mitumbwi yake, mpwa wa chifu wa ng'ambo. Mrefu, ana mwanya, na sauti yake inafika kabla yake. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa Liévin, akamvua kofia akaivaa yeye, kisha akakalia kiti alichowekewa mume wangu.

"Bwana yangu! Ulinitupa kumbe juu ya kuoa huyu muke wa treni?"

"Nilikutupa juu ya harufu," Liévin akajibu. "Hata nzi banakukimbia."

"Na weye, mamba wa kuzeeka, meno yote imetoka. Kisiwa unataka ya kutafuna nini?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Liévin ni wa ukoo wa Mamba, na Jeanne ni wa ukoo wa Samaki. Koo hizo mbili ni watani tangu mababu: wanaitana mume na mke, wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na msiba ukitokea ndio wanaozikana. Anayekasirika anauaibisha ukoo wake. Hayo nilielezwa usiku ule kama vile mimi ni Mzungu. Nani asiyejua utani? Hata sisi Kabalo tunao. Na nilijua pia kwamba ulikuwa unafanya kazi, kwani nilikuwa naandika kwa mkono wangu. Katika matusi yale Liévin alisema, "Rudisha nyavu ya baba, mulafi weye," naye Jeanne akasema, "Nitarudisha, utaniachia mukondo wa kule," na jioni nyavu zikawa zimerudi, na nusu ya mkondo imekwisha kugawanywa. Hakuna aliyepandisha sauti kwa hasira. Ningeandikaje "mlafi" katika karatasi ya serikali, hilo hakuna aliyeniuliza.

Lakini si kofia iliyoniuma, ingawa kofia niliifua kwa sabuni tulipofika nyumbani mpaka ukingo wake ukalala. Kilichoniuma ni kicheko. Liévin wa nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Kamalondo, alikuwa mtu wa kuuliza chumvi iko wapi. Nilizaa naye mtoto, binti yetu Mimi, nikampigia pasi mashati, nikakaa naye kwenye benchi moja kila Jumapili katika misa, na hata siku moja hakuwahi kucheka na mimi kichwa kikaenda nyuma hivi, koo likaonekana. Sikujua kwamba anaweza. Yule mwanamke alikipata kicheko hicho bure, kwa kumwita mamba asiye na meno.

"Baba Mimi," nilimwambia, "unamupenda ule muke?"

"Delphine, ule ni mutani wangu."

"Nimeuliza kama unamupenda."

"Unaniuliza kintu haiko," akasema, akageukia ukutani.

Alirudi Kasenga mara nyingine, na nyingine tena, na safari hizo sikutumwa. Alirudi ananukia moshi wa samaki, amenenepa kidogo. Nilimtafuta usoni alama ya kile kicheko. Akiwa anavua viatu, nilimwona anatabasamu peke yake, na nilipouliza kuna nini akasema hakuna. Jamani, wivu si ugonjwa kama watu wanavyosema. Ugonjwa unakulaza kitandani. Mimi wivu uliniamsha, nikafanya kazi za nyumba nzima, nikafagia hadi kwa jirani.

Mazungumzo yakafika mwisho. Walikuwa wamekubaliana wote: watu wa Kasenga wavue upande wa machweo, wa ng'ambo upande wa mawio, kisiwa kikihama wahame nacho, na afisa wa Kiingereza alikuwa ameahidi kufumba macho. Ilibaki kufunga maneno kwa desturi yao. Pande mbili zikutane Kampumbu, na watani wawili walioongea, yaani mume wangu na Jeanne, wale bukari, yaani ugali, na mpumbu katika sahani moja, mbele ya wote, wakilishana. Baada ya hapo hakuna ambaye angethubutu kuvunja neno.

"Unipigie pasi shati nyeupe," Liévin akaniambia.

Wakilishana! Nililipiga pasi. Nililipiga vizuri sana.

Kesho yake kulikuwa na mkutano ofisini kwa mkurugenzi, wa mwisho kabla ya Liévin kuondoka. Nilikaa kwenye mashine yangu pembeni. Liévin alieleza, kwa ufupi na kwa heshima kama kawaida yake, na nikaona Monsieur Stanislas ameanza kukubali. Mshauri Mbelgiji alinung'unika kwamba mapatano ya wavuvi hayaifanyi Katanga dola, lakini naye alikuwa amechoka. Mkurugenzi akachukua kalamu.

Ndipo nikasema.

"Mumuulize Liévin, ule muke banaongea naye, anamuita nani."

"Delphine," Liévin akasema taratibu.

"Anamuita bibi yake! Mbele ya bantu! Na ule anamuita bwana yangu, nilisikia na masikio yangu. Sasa Katanga inatuma muntu kupigania mupaka na bibi yake mwenyewe? Na kesho beko nakula sahani moja."

Monsieur Stanislas alijua utani ni nini, hata kwao upo, asinidanganye mtu. Lakini alikuwa anatafuta mlango wa kurudia usuluhishi wake, nami nilikuwa nimemfungulia. Aliweka kalamu chini.

"Ni kweli mama anasema?" akamuuliza Liévin. "Munaitana vile?"

Liévin angeweza kueleza. Alinitazama. Kisha akasema, "Ni kweli, tunaitana vile," basi. Sijui kama alikuwa na kiburi au aibu. Nilitaka akane, nilitaka aseme mbele ya wote kwamba yule si kitu kwake, na hakusema.

Wakamwondoa kwenye mazungumzo siku ile ile, kwamba hawezi kuitetea nchi dhidi ya watu wa nyumbani kwake. Kampumbu hakwenda mtu. Inasemekana Jeanne alikaa kisiwani siku nzima na chakula kikipoa, na ndugu za ukoo wake wakamcheka kicheko kingine kabisa. Nilipoambiwa hilo nilikula vizuri.

Usuluhishi ukaombwa kwa Kifaransa kizuri, niliupiga taipu mwenyewe. Jibu la Waingereza lilikuja fupi. Hakimu hawezi kuketi mpaka pande zote mbili zikubali, na wao hawaketi na upande ambao hakuna nchi inayoutambua. Yale yale aliyoyasema Liévin. Mkurugenzi alisema tusubiri. Mpumbu hawakusubiri. Mvua zilianza, samaki wakapanda, na hakukuwa na neno lolote kati ya pande mbili, wala la hakimu wala la watani. Wavuvi wakapigana kwa makasia. Vibanda vikachomwa, kila upande ukasema ni upande wa pili, na nyavu za baba mkwe zikaungua zote, zile zile zilizokuwa zimerudishwa kwa matusi.

Liévin aliacha kazi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, ningepata mahali pa kushika.

"Ninaenda kusaidia baba," akasema, akapanda lori la samaki la asubuhi.

Vita vya mjini vya Desemba, kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga, vilinikuta mimi na Mimi chini ya kitanda. Liévin alituma samaki waliokaushwa kwa dereva, kila mara wengi, wamefungwa vizuri. Yeye mwenyewe hakuja. Mjini walishaanza kuniuliza habari za mume wangu kwa sauti ile tamu ya watu wanaojua jibu. Barabara ilipotulia, nilimwacha Mimi kwa mama yangu, nikapanda lori hilo hilo kwenda kumchukua mume wangu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Kwa Jeanne nilikuwa na matusi ya kutosha vijiji vitatu. Nilijua nitawakuta wanavutana kofia, wanaitana bwana yangu na bibi yangu, na safari hii nilikuwa tayari kuingia katikati.

Nilifika wakati mtumbwi unaingia. Liévin alikuwa nyuma na kasia, amekonda, mweusi kwa jua. Jeanne mbele. Kati yao, nyavu mpya. Walikuwa wanavua pamoja, kumbe, bila serikali yoyote, yeye upande huu na yule upande ule, na samaki wakagawana. Watu wa gatini waliwatazama kwa utulivu kama wanavyotazamwa watu waliozoeleka. Nilisubiri tusi la kwanza.

Jeanne alishuka, akamshikia mtumbwi. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:

"Baba Mimi, chunga mguu pale. Iko utelezi."

"Aksanti, mama," Liévin akasema.

Basi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenyang'anya kitu. Liévin alimpa kapu kwa mikono miwili, Jeanne akalipokea kwa mikono miwili. Baba Mimi! Hilo ni jina langu mimi la kumwita, jina la kitandani na mezani, kwa mtoto niliyemzaa mimi. Kwa matusi yake yote ningemvumilia yule mwanamke mpaka kufa, sasa najua. Watani hawaheshimiani. Hao wawili walikuwa wanaheshimiana, na katika nyumba yangu yote sikuwa nimewahi kuheshimiwa hivyo.

Nilikuwa nimesimama na kikapu cha mikate niliyomletea, na ndipo Liévin akaniona. Alinyooka. Kisha uso wake ukafunguka, akaniita mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa ya mzaha:

"Eh! Bibi yangu wa serikali huyu! Umetuletea hakimu ao umekuja na mikono mitupu?"

Gati zima likaangua kicheko. Alicheka na yeye, kichwa kikaenda nyuma, koo likaonekana. Jeanne peke yake hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akanipokea kikapu, akaniambia kwa adabu, "Karibu, mama. Kuya ukae ku nyumba, utakuwa umechoka."