Kwenye Kioo cha Kushoto

...kushoto kwake ama kushoto kwangu, mtu wa ofisi ya bima hata kushoto hajui na ndiye anajifanya kunielekeza, mimi Kigen, mimi ninayeendesha foklifti kinyumenyume siku nzima kule ghalani Garland na vikombe vya watu havivunjiki, hakuna kitu chenye usukani kimewahi kunishinda, shule ndiyo ilinishinda, na shule haina usukani, "njoo kaka, njoo, njoo," anasema Elibariki, huyo Mtanzania, huko nyuma, mkono wake unapunga kwenye kioo cha kushoto kama bibi harusi, njoo wapi wewe, hii RV ni nyumba nzima, ina kitanda, ina jiko, ina choo, nimeitoa Dallas asubuhi mpaka huku msituni Huntsville na sijagusa hata ukingo wa barabara, wao watu wa Houston wamekuja na kagari, wawili ndani, Kerubo na huyu, njia yote hiyo, wakiongea nini... "Kigen, amesema kata usukani," Whitney ananiambia, kaketi kando yangu na pakiti ya krispi, binamu yake Kerubo, mdomo haujui kupumzika, "ama buda umeogopa miti?" niogope miti mimi, miti yenyewe majani yamekauka yanaanguka bila hata kusukumwa, nimekuja hapa kwa jambo moja, leo moto ukishawaka, mbuzi akishaiva, nitamwambia Kerubo awe wangu, kwisha, na Mama kule Iten nimeshamwambia mkaza mwana amepatikana, ni nesi, anakaa Missouri City, hapo kando ya Houston, Mkisii lakini mtasikizana, akauliza, na yeye anakupenda? nikacheka, Mama, nani hanipendi, ghala zima linajua, kinyozi wangu anajua... lakini hiyo jaketi ya kijani aliyovaa Kerubo, manze, hiyo jaketi si yake, mikono imemzidi mpaka vidole vimepotea, Novemba ya Texas haina baridi ya kumvalisha mtu jaketi ya mtu, juzi watu walikuwa na kaptura, na amesimama hapo nyuma karibu naye, karibu sana, kuelekeza gari kunataka watu wawili tangu lini, "kidogo tena kaka, taratibu," taratibu babu yako... na pale kwenye geti la kambi, hapo ndipo palipoingia mwiba, Kerubo ametoka kwenye laini ya kutuandikisha, huyu akamwambia kwa ile sauti yake ya kupaka siagi, "Pole na foleni," naye bila hata kufikiria, bila hata kumwangalia, "Nimeshapoa," nimeshapoa! mtoto wa Nyamira! sisi ukituambia pole na foleni tunakuuliza foleni imekufa ama, tukiwa na adabu sana tunasema asante, hiyo nimeshapoa ni ya Watanzania, na haiingii mdomoni mwa mtu kwa siku moja, hiyo ni simu nyingi, hiyo ni kuambiwa pole na kazi kila akitoka zamu, kila akitoka zamu, mpaka jibu linakuja lenyewe, na mimi akitoka zamu humwambia nini, mimi humtumia picha nikiwa juu ya foklifti, na yeye hunirudishia kidole gumba, kimoja, "Simama kaka!" nimesimama, anainama huyo, kuna gogo nyuma ya gurudumu, anainama kuliondoa, mgongo wote kwenye kioo changu, shati limechomekwa vizuri, mkanda unang'aa, hajageuka hata kuangalia kama nimesimama kweli, ameambiwa na nani aniamini hivyo, mgongo mzima, na nyumba nzima iko chini ya mguu wangu mmoja, kitanda, choo, jiko, gia bado iko nyuma, kiasi cha kukohoa tu, mtu anaweza kukohoa, mguu ukateleza, nani atabisha, pole kaka, pole, wao si wanapenda pole... RV imenesa. Imenesa, si mimi, ni mimi, sijui mguu ulikuwa mwepesi kwenye breki tangu saa ngapi, imesogea kama unyayo hivi, na "Kigen!" hiyo ni sauti ya Kerubo, na kabla sijameza mate yuko kwenye kioo, ameingia katikati ya hii nyumba na ule mgongo, mikono miwili ameiweka kwenye bati kama anaweza kuizuia, vidole vimetoka kwenye mikono ya jaketi, na haangalii gurudumu, haangalii gogo, anaangalia kioo, macho yangu ndani ya kioo, muda wote tumejuana hajawahi kuniangalia sana hivyo, na Elibariki bado ameinama, hajui kitu, anauliza, "Kuna nini, mama?" naye hanyanyui mikono, anajua, hakuogopa gari huyu, gari alilipanda mara ngapi na mimi akicheka, ameniogopa mimi, "Wewe, umekanyaga breki?" Whitney anauliza, krispi zimekwama mkononi, nimekanyaga, namwambia, nimekanyaga, Whitney, "mbona basi tumesogea?" natazama mbele kwenye miti, siwezi kuangalia kile kioo tena, na breki nimeishikilia kwa miguu yote miwili, kama mtu anayefundishwa gari kwa mara ya kwanza.