Sensa Iliyobaki Kwenye Paipu

Jumanne asubuhi, katika gereji ya Harlan Pruitt mjini Toledo, Renata Kubiak alikuwa chini ya gari la bosi wake, tochi mdomoni, akitafuta mahali pa kutoboa. Pruitt alikuwa amejinunulia ekzosi mpya ya kungurumisha, paipu pana inayong'aa kama sufuria ya harusi, ila walioitengeneza hawakuacha tundu la sensa ya oksijeni. Bila sensa hiyo injini haijui hewa yake ikoje, inakunywa mafuta ovyo, na taa ya njano kwenye dashibodi haizimiki. Renata alichagua upande wa juu wa paipu, maana ukitoboa chini maji yanaingia na kuipasua sensa. Akatoboa, akapachika nati, akavuta mashine ya kuchomelea.

Mafundi wa ekzosi wana mtindo wao. Kabla ya kuchomelea nati wanaifunga sensa kuukuu ndani yake, ili moto usipinde nyuzi za nati. Nati ikipoa, wanaitoa na kufunga mpya. Kila fundi ana kuukuu yake. Ya Renata ilikaa kwenye mfuko wa ovaroli tangu Januari, na aliing'oa kwenye gari lililokuwa likiunguruma juu ya kichwa cha kaka yake siku aliyokufa.

Zygmunt, kaka huyo, alikuwa kwenye shimo la mafundi, gari juu yake, feni ya kutoa moshi mbovu tangu majani yaanze kupukutika, na milango imeshushwa kwa sababu ya baridi; moshi ukamuua. Rimoti ya milango Pruitt hamwachii mtu. Lakini aliwaambia wakubwa wa serikali kwamba alikuwa ametoka kwenda kula, na kwamba Zygmunt alijifungia mwenyewe. Shahidi hakuwepo. Wakaandika: uzembe wa marehemu. Hadi kanisani watu wakawa wanampa mama yao pole ya kuzaa mtoto mzembe. Renata hakuacha kazi. Alitaka jambo moja tu, kumsikia Pruitt akitamka kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyefunga. Alimchukia mzee yule, tena hasa. Kila asubuhi alimchukia upya kabla ya kunywa kahawa.

Akachomelea. Nati ilipopoa, hakuitoa ile kuukuu. Aliichomeka waya, akaiacha makusudi, na ile mpya akaitosa kwenye pipa la oili chafu.

"Tayari?" Pruitt akauliza.

"Tayari, bosi. Washa."

Injini ikawaka. Taa ya njano ikazimika. Ekzosi ikakohoa mara mbili, kisha ikasema kwa sauti ya Zygmunt, "Bosi, fungua mlango."

Otis, fundi wa breki, akainua kichwa. "Ah, Ziggy huyo," akasema. "Na kile kifua chake hakijapona tu." Akarudi kwenye breki zake.

Pruitt alilipeleka gari kwenye gereji nyingine, kisha nyingine. Wakapima, wakamwambia sensa ni nzima, mzee, gari linapumua vizuri, tuitoe ya nini? Kwenye ukaguzi wa moshi likapita. Basi akaendelea kuliendesha, na mji ukazoea. Kwenye taa za barabarani watu walishusha vioo na kupaza sauti, "Vipi, Ziggy!" Jumapili baada ya misa, Mama Halina, mzazi wao, alisimama nyuma ya gari na mkoba wake mkononi, akiikemea paipu.

"Nilikwambia uvae sweta. Hukunisikia. Unaona sasa?"

"Bosi, fungua mlango."

"Bosi gani? Mimi mama yako! Mkaidi wewe, toka tumboni."

Akaenda zake nyumbani moyo umetulia kidogo. Wa Renata haukutulia. Pruitt hakuwahi kuijibu ile paipu hata siku moja, aliongeza tu sauti ya redio. Renata akasubiri.

Theluji ikarudi. Asubuhi moja Pruitt aliingiza gari ndani, akashusha mlango kwa rimoti, akaiacha injini ikinguruma ili kiti kisipoe. Otis alikuwa shimoni chini ya gari la mikate, nalo linanguruma. Palikuwa pia na mkaguzi wa serikali, amekuja kuangalia mitungi ya kuzimia moto.

"Bosi, fungua mlango," ekzosi ikasema.

Pruitt alikuwa anatafuta kikombe chake. "Hebu vumilia, Ziggy," akajibu bila kugeuka. "Siku ile nilikwambia, na leo nakwambia. Mlango nimefunga mimi na sifungui. Sipashi joto mtaa mzima kwa ajili yako. Maliza kazi, upande juu."

Renata alishikwa na furaha mbaya. Akamgeukia mkaguzi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia vizuri sana, dada."

"Haya, andika basi!"

"Mimi nimetumwa mitungi," mkaguzi akasema kwa upole. "Na mitungi iko sawa." Akatia saini, akafunga zipu ya koti. Pruitt akamfungulia mlango, akamtakia safari njema, akaufunga tena.

Renata alipiga magoti nyuma ya gari, akasogeza mdomo kwenye paipu. "Amekiri, kaka. Tumesikia wote."

Ekzosi ikakohoa. Kutoka shimoni Otis naye akakohoa.

"Bosi," Otis akaita, "ile feni vipi?"

"Wiki ijayo," Pruitt akasema. Akaitia rimoti mfukoni, akaenda kunywa kahawa yake.