Mate ya Kilima Kizima

Siku hiyo mjinga alikuwa Manasseh, na hata yeye mwenyewe hakatai tena. Anachokataa ni kuitwa mjinga wa kawaida. Ujinga wake, asema, ulikuwa na hesabu ndani yake.

Watafiti wa saratani ya koo walikuwa wamemwachia kreti ya vichupa awazungukie watu wa kilima chao, kule juu ya Itumbe. Nusu ya vichupa ilikuwa ya wagonjwa, nusu ya wazima. Kila mtu ateme mate kwenye chake, basi. Kilima kitakachokamilisha kazi ndicho kitakacholetewa kamera ya kuchungulia koo, na Manasseh aliitaka kamera hiyo kuliko mtu yeyote. Tangu mvua za masika chakula kilikuwa kikimkwama mama yake, Esnah, akawa mtu wa uji tu.

Lakini majani ya chai nayo yalikuwa yamechipua kwa wingi, yakihitaji kuchumwa. Watu walikuwa mashambani, vikapu mgongoni, na waliobaki nyumbani walimwangalia kwa jicho baya: mate ya mtu yapelekwe wapi, na kwa nani? Manasseh akarudi na vichupa vitupu, akiwaza. Akamkumbuka karani wa kituo cha kununua chai. Yule huchota konzi moja tu ya majani, akaitazama, na gunia zima likakubaliwa. Sasa kilima cha ukoo mmoja si gunia moja? Na yeye si konzi?

Akaketi nyuma ya zizi akifyonza ndimu ili mate yaje. Mkewe, Nyanchera, alimkatia ndimu mpaka akachoka kuuliza ni za nini. Jua likizama ulimi ulikuwa umevimba kama wa ng'ombe, lakini vichupa vilijaa vyote.

Baada ya miezi kadhaa akaja Cynthia, mtaalamu wa takwimu kutoka Kisii mjini. Alikalia kigoda jikoni kwa Esnah, kompyuta mapajani, akakataa chai. Manasseh akajua mambo yameharibika.

"Mzee, sisi tunatafuta vinasaba, yale mtu anayorithi kwa wazazi wake. Tunalinganisha wagonjwa na wazima, tuone wanatofautiana wapi. Hapa kwenu hawatofautiani popote."

"Si ni habari njema hiyo?"

"Kompyuta inasema kilima kizima ni mtu mmoja."

"Sisi tuna umoja sana."

"Tena ni mwanamume. Hata mama yako hapa ni mwanamume."

Esnah, aliyekuwa akimsongea mgeni ugali, alisimamisha mwiko. "Na nimezaa saba," akasema. "Mungu ni mkuu."

Cynthia hakucheka. "Nilidhani mashine imeharibika, nikapiga hesabu upya. Profesa wangu naye ameshaanza kuandika kwamba huku watu hujizaa wenyewe. Anataka kwenda kuwasomea wazungu. Na wewe, mzee, kwa takwimu zetu ni mgonjwa nusu na mzima nusu. Ukipona unatuharibia hesabu. Ukifa, unatuharibia vilevile."

"Basi nikae hivihivi."

Cynthia akasukuma kreti mpya kwa mguu. "Gari langu linaondoka jioni. Niletee mate ya kila mtu, kutoka mdomoni mwake. La sivyo kamera inakwenda Nyamache."

Hapo ndipo palipouma. Kuwazungukia watu maana yake ni kuwaambia kwamba alishatema kwa majina yao: kwa jina la Ogeto, mzee wa kanisa, na kwa jina la Damaris, mke wa Ogeto, ambaye ulimi wake hauhitaji ndimu. Afadhali kukanyaga siafu. Manasseh akaamua kushindana.

"Sikiza, binti yangu. Karani wa chai hutia mkono mara moja tu."

"Hutia mkono katikati ya gunia. Wewe umenipa kamba ya kulifungia."

"Kamba nayo ni ya gunia! Haya, tazama mgomba ule pale nje. Machipukizi yake yote si ndizi ileile?"

"Hapo umesema kweli."

Manasseh akachanua uso mzima.

"Lakini mgomba hauoi," akasema Cynthia. "Mama yako alizaliwa ukoo huu?"

"Aah, huyu tulimtoa Nyakoe."

"Umeona?"

"Sijaona kitu! Si alinizaa? Damu yake ni damu yangu. Koo lake lina tofauti gani na langu?"

Cynthia alifungua mdomo, lakini Esnah alimwekea mkono begani. Akamega tonge la ugali, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mboga, akamnyoshea mwanawe.

"Meza hili, baba. Nikishiba mimi, huyu binti aende zake na kamera yake."