Senti Kumi ya Apiyo

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta mwingine humu ndani. Nimewacheka watu wengi wa Kisumu kwa kutapeliwa, na zamu yangu ilipofika sikuwa na pa kujificha.

Mimi ni fundi wa viti vya sofa pale Kibuye. Miaka minne iliyopita niliuza pikipiki yangu, pesa nikamtumia mtu wa mtandaoni aliyeniahidi injini ya boti. Injini yenyewe bado iko njiani. Baada ya hapo nikajitungia sheria moja: anayekuomba pesa kwanza ni mwizi. Niliwahubiria wenzangu sheria hiyo kila siku huku nikigonga misumari. Juu ya yule asiyekuomba chochote, sikuwa na sheria.

Nyanya yangu, mamake mama, anaishi Usenge. Sisi Wajaluo nyanya tunamwita Dani, na Dani na mjukuu ni watu wa kutaniana. Yeye huniita mume wake.

"Mume wangu umekonda," aliniambia Jumamosi ile nilipofika. "Huyo mke mwenza wangu wa Kisumu anakulisha nini?"

"Ananilisha maneno, Dani."

"Mwambie basi ayatie chumvi."

Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili. Ananijua kwa hatua zangu na kwa kikohozi. Lakini kwenye mfuko wa aproni yake kuna kitu ambacho hahitaji macho kukijua: uzi wa nyavu wenye sarafu nne za zamani za senti kumi, zile zenye tundu katikati. Marehemu babu alikuwa mshona nyavu. Kila mtoto alipozaliwa, alitunga senti moja kwenye uzi ule. Ya kwanza ya Enos. Kisha za mapacha, Apiyo na Adongo. Ya mwisho ya Selpha.

Adongo ndiye mama yangu, yuko Muhoroni. Apiyo pacha wake alikufa kwa homa akiwa na miaka sita. Hakuwahi kupigwa picha. Alizikwa upande wa chini wa boma, na ziwa lilipopanda mwaka ule likafukuza watu, lilichukua na mahali pale. Kilichobaki cha Apiyo duniani ni senti yake. Akiwa hai, mtoto huyo aliwahi kuichomoa uzini akaiangusha mekoni, ikalala siku mbili kwenye makaa na majivu, ikatoka na ukoko mweusi upande mmoja, mkavu kama gamba la samaki ngege. Dani akipitisha kidole gumba, anajua: huyu hapa.

"Siku nikifa," alikuwa ameniambia, "hii unitie mkononi. Hizo zingine wape wenyewe. Pasta usimwambie."

Sasa aje Calvince. Huyu ni binamu yangu, ana kibanda cha kuchaji simu pale ufukweni, na kila kinachopita kwenye simu yeye hukiona kwanza. Jumamosi hiyo hiyo alinionyesha video ya bwana mmoja wa tai nyekundu, anayejiita Daktari wa Sarafu. Bwana huyo alisema senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane ni dhahabu iliyojificha, kwa kuwa mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja kwenye kiti. Bei yake laki nane. Sharti ing'ae. Tena ukizipiga picha nyingi pamoja, zote ziking'aa, bei inapanda zaidi.

Tuliuchungulia uzi wa Dani mkononi mwake. Senti ya Enos ilikuwa ya 1936. Jina la Edward lilikuwepo, limezunguka tundu.

Kwa laki nane hizo nikaona macho ya Dani yamefunguliwa. Nikaona yuko kitandani hospitalini, bandeji inatolewa, ananitazama usoni na kunitukana kwa jinsi nilivyozeeka.

"Ameomba pesa?" nikamuuliza Calvince.

"Hata bob moja. Anasema ni elimu ya bure."

"Basi huyo ni mtu safi."

Ndivyo nilivyosema, mimi mwenye sheria.

Dani alinipa uzi bila maswali mengi. "Angalia unachoangalia. Lakini usifungue."

Daktari alisema ndimu na magadi. Nilijaribu, weusi ukapungua kidogo tu. Lakini mimi nimelelewa ufukweni. Pale Usenge sufuria nyeusi ni aibu ya nyumba nzima. Wanawake huziinamia majini wakazisugua kwa mchanga na majivu mpaka ujione meno. Kazi hiyo nilifundishwa na Dani mwenyewe, kwa kibao, nikiwa na miaka minane. Basi nikachuchumaa pembeni ya akina mama wa omena, dagaa wa ziwani, nikaanza. Mchanga haukuingia vizuri kwenye matundu, nikafungua uzi. Nilisugua upande huu, nikasugua upande ule, nikipiga mluzi. Mama mmoja akaniuliza kama naenda kuoa. Senti zote nne zilitoka zinawaka kama sufuria za siku ya kupokea wakwe. Nikazitunga tena kwenye uzi, nikapiga picha, nikamtumia Daktari.

Daktari akajibu kwa kidole gumba. Cha picha.

Jumatatu nilikwenda Maseno kwa Mzee Wesonga, mwalimu mstaafu niliyewahi kumshonea viti. Anaweka sarafu za zamani kwenye vitabu vya plastiki, zimepangwa kwa miaka. Nilimwekea uzi mezani nikingoja ashangae. Alishangaa kweli.

"Nani amezifanyia hivi?"

"Nimezisafisha, Mwalimu."

"Umezichubua." Alivaa miwani, akaigeuza ya Enos. "Mtu aliyeshika sarafu hata wiki moja angekupiga mkono kabla hujagusa maji. Wanunuzi wanataka ile rangi ya uzee."

"Lakini hii ya 1936? Mfalme hakukaa."

"Mfalme hakukaa, mashine zilikaa. Zilichapwa kwa mamilioni. Mimi ninazo kumi na moja." Akafungua kitabu akanionyesha, zimejipanga, za kahawia, zimetulia. "Kabla ya mchanga wako, hii ilikuwa ya bei ya soda. Sasa hata soda hupati."

"Yule bwana hakuniomba hata shilingi, Mwalimu."

"Akuombe ya nini? Yeye analipwa ukimtazama. Ulimuuliza amewahi kumuuzia nani? Ulitafuta mtu wa pili anayesema kama yeye? Ulijiuliza akikosea atapoteza nini?" Akanirudishia uzi. "Wewe umepoteza nini?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, maana ndiyo kawaida yangu. Nikautazama uzi. Senti nne, nyekundu, laini, sawasawa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikumbuki nilivyozitunga: ya Enos ningeijua kwa mwaka wake, lakini ya Apiyo tulikuwa tukiijua kwa ukoko tu.

Nilifika Usenge mchana. Dani alikuwa ameketi mlangoni, Calvince anamtolea mawe kwenye omena. Nilimweleza Dani yote, mpaka kile kidole gumba cha picha. Alinyoosha mkono.

Kidole kilipita kwenye senti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kikarudi nyuma. Akazilamba ncha za vidole, akazipangusa kwenye aproni, akaanza upya, polepole zaidi. Niliyaona mashavu yake yakiingia ndani.

"Iko wapi?" akauliza.

"Iko hapo, Dani. Ni moja ya hizo."

"Ipi?"

Nilizisogelea, nikazitazama moja moja. Calvince akadakia.

"Lakini Dani, hazijapotea, zote ziko hapo. Hata ukishika yoyote si ni ile ile tu? Na huyo Mzee wa Maseno naye ni mtu mmoja. Anaonea wivu. Daktari anafuatwa na watu laki mbili. Laki mbili! Watu wote hao wanaweza kudanganyika?"

"Calvince, nyamaza," nikasema.

"Ninyamaze kwa nini? Mimi nasema ukweli. Tungoje ajibu vizuri. Huwezi kuwashinda watu laki mbili."

Dani aliukunja uzi ndani ya kiganja chake, akaugeuza uso wake upande wa sauti ya Calvince.

"Hao laki mbili," akasema, "waite waje hapa. Mmoja tu anionyeshe mtoto wangu ni yupi."