Siendi Nyumbani

Mama aliingia chumbani bila hodi, Msusi akiwa ndiyo kwanza amefika utosini mwa mteja. Hilo la Msusi ni jina alilopewa binti yake na wenzake wa bweni. Mama akaruka fungu la rasta sakafuni, akafungua kabati, akaanza kutia nguo za bintiye begini. Alikuja kumchukua akapumzike nyumbani, alisema. Habari zilishamfikia: kila Alhamisi mwanawe hujifungia na wagonjwa wa akili kwa mshauri wa chuo, wanafundishana kupumua, kama vile chuo kimeishiwa masomo.

Mteja akajifanya anasoma simu.

Msusi aliijua hasira iliyompanda. Zamani ingekuwa imeshavunja kitu. Muhula uliopita ilimgeukia mwenyewe, akaja kuzinduka zahanati, hataki kumwona mtu. Hapo ndipo alipoanza tiba hiyo ya Alhamisi, yeye na wanafunzi wenzake, wakijifunza kuketi na hisia kali mpaka ipungue, bila kujiumiza wala kuumiza mtu. Mwanzoni aliona upuuzi mtupu.

Akapitisha mkia wa kitana, akagawa nywele, akaiacha akili ishuke vidoleni. Akavuta pumzi. Akasuka msuko mmoja hadi mwisho, bila kuukaza.

"Mama, najua umeogopa," alisema. "Lakini siendi nyumbani."

"Watu watasema nina mtoto kichaa."

"Waseme. Jioni hii nina kikundi, na nitakwenda."

Mama akapandisha sauti, akamkumbusha uchungu wa kumzaa, akamwita mkaidi. Msusi hakupandisha yake. Kila Mama aliponyamaza, alirudia maneno yaleyale, taratibu, mikono ikiendelea kusuka.

Mwishowe akachovya ncha za misuko kwenye maji ya moto, akazikausha kwa taulo, akaagana na mteja. Kisha akalitoa begi mikononi mwa mama yake, akazirudisha nguo kabatini, moja moja. Akavaa viatu.

"Ukitaka, twende wote. Usipotaka, nisubiri."

Mama aligeukia dirishani.

Kwa mshauri, viti vilipangwa duara. Msusi akaketi, akavuta kingine ubavuni pake. Mwenzake alipotaka kukikalia, akamwambia kina mtu. Mlango aliuacha wazi.