Mgongaji wa Dirishani

"Fungua, mwanangu. Mume wako huyo."

Kusikia sauti ya mama mkwe wake, fundi cherehani aliweka nguo chini, akaenda kufungua na kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano, bado iko kidoleni. Nje hapakuwa na mtu. Hakushangaa, kwani tangu mvua zikatike kazi yake ilikuwa kuufungulia upepo mlango.

Fundi alimjua mgongaji. Alikuwa chozi dume, ndege asiyejaa kiganja, kifua kinang'aa, mdomo mwembamba umepinda kwa kunyonya maua. Aliona sura yake kwenye kioo cha dirisha, akadhani dume mwenzake kaja kumpora kichaka, basi akawa anakigonga mchana kutwa. Maskini, alipigana na nafsi yake na hana habari.

Fundi alikuwa amekwisha kumweleza mama mkwe hayo yote. Bibi yule, aliyefungwa macho na ukungu wa uzee, alicheka tu, akauliza ni ndege gani mwenye adabu ya kupiga hodi. Mwanawe alikwenda kutafuta maisha, na maisha yakammeza hukohuko, hata salamu haziji. Subira huvuta heri, alisema bibi. Kwa fundi, heri hiyo ilivutwa na kobe.

Dada wa fundi alikuwa amemshikia nafasi kwenye karakana ya ushonaji, mbali na pale. Mama mkwe hakumkatalia.

"Akirudi tu, nenda," alisema. "Ukienda kabla, nani atamfungulia?"

Lau angegomba, fundi angegomba naye, akafungasha. Upole ule ndio uliokuwa kufuli.

Siku moja akakata shauri. Alipaka povu la sabuni kioo kizima kwa nje, likakauka. Kioo kisipogongwa, alijiambia, bibi atachoka kungoja, nami nitapumua. Chozi alikuja, akahangaika kidogo, hakumwona adui, akaenda zake mauani. Nyumba ikanyamaza.

Bibi alisikiliza kutwa. Jioni akasukuma sahani. Kesho yake hakugusa hata uji, akageukia ukutani.

"Kagonga mpaka kachoka," alisema. "Na wewe ulikuwa unachelewa kufungua."

Fundi alishikwa na uchungu, akatoka mbio na kitambaa kibichi, akasugua kioo kikatakata. Lakini chozi alikuwa amekwisha kuusahau ugomvi wake. Alionekana kichakani, ananyonya maua kwa raha zake.

Bibi akaendelea kususa chakula. Dada akapiga simu: wenye karakana wamechoka kusubiri, aje leo au wamchukue mwingine. Fundi alisema atampigia. Akazunguka nje, akasimama mbele ya dirisha. Kwenye kioo alijiona, amekonda, nywele timutimu. Akainua kidole chenye kastabini, akagonga.

"Fungua, mwanangu," bibi aliita kutoka ndani, sauti imepata uhai. "Mume wako huyo."

Fundi akapitia mlango wa uani, akaenda kufungua wa mbele.