Beseni la Mzee Taherali

Hozefa alijua. Tuliseme hilo mapema, maana mwenyewe alihangaika miezi minne kujifanya hakujua.

Alijua tangu siku ile ya mwaka 1999 alipokwenda Dar es Salaam kuchagua printa ya picha, kwa ajili ya studio aliyoachiwa na marehemu baba yake pale Shinyanga mjini. Muuzaji, Zahid, alimwekea mbili mezani, zote za kazi ya studio. Akachapa sura ya bibi harusi kwenye kila moja, kisha akaidondoshea kila picha tone la maji. Ya kwanza haikubadilika. Ya pili, shavu la bibi harusi likatiririka hadi shingoni.

"Hii ya kwanza wino wake haujali maji wala jua," Zahid alisema. "Ila rangi zake zimepoa, halafu inachapa polepole. Ya pili inang'aa, lakini usiiloweshe. Uamuzi wako, kaka."

Hozefa akaitazama ile inayong'aa. Akawaza foleni ya wateja siku ya Idi, akawaza na mwenye studio ya jirani atakavyokosa usingizi. Wino uliochuruzika mezani akaufuta kwa kitambaa, na bwana huyu akausahau papo hapo, kwa makusudi kabisa.

"Nifungie hii," akasema.

Sasa, pale studio kulikuwa na beseni la bati la rangi ya bluu. Baba yake, Mzee Taherali, hakumkabidhi mteja picha bila kuitumbukiza kwanza humo mbele ya macho yake, aitoe ikichuruzika, aikung'ute na kusema, "Yangu haiogopi maji, imezaliwa humu humu." Wala hakudanganya, kwa sababu picha za chumba cha giza huoshwa kwa maji tangu mwanzo. Watu walitoka Kagongwa na Masumbwe kwa ajili ya picha zile, na majumbani mwao walizipangusa kwa kitambaa kibichi bila wasiwasi. Printa ilipofika, Hozefa alilisukuma beseni chini ya kaunta. Hakumwambia mtu kwa nini.

Miongoni mwa wateja wa kwanza wa printa ile alikuwa Paskazia, Mama Stanslaus wa Masumbwe. Mumewe, Bujiku, alikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la dhahabu alimokuwa akichimba huko Geita, liliporomoka likamfukia, na mwili haukupatikana. Sura yake ilibaki kwenye picha moja tu ya kitambulisho. Hozefa aliikuza hadi ikawa ya kutundika ukutani, na mama wa watu akamshukuru mpaka Hozefa akaona haya.

Miezi minne baadaye alirudi, amekumbatia bahasha.

"Shikamoo, Mama Stanslaus."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Nimeharibu kazi yako."

Akatoa karatasi. Bujiku alikuwa amebaki kola ya shati na sikio moja. Kwingine kote lilikuwa doa la kahawia na bluu.

"Wajukuu hawakumjua baba yako," Paskazia alisema. "Nikataka kuwaonyesha. Nikajaza beseni, nikawaambia tazameni, picha za Mzee Taherali haziogopi maji. Nikamtumbukiza Bujiku kwa mikono yangu hii. Nadhani beseni lilikuwa na sabuni."

"Na ile ndogo ya kitambulisho iko wapi?"

"Tuliizika. Tungezika nini kingine, mwanangu? Shati lake na ile picha, kwa kuwa hii kubwa ilikuwepo. Watoto hawasemi kitu, ila najua wanasema nimemfuta baba yao."

Neno moja tu lingemnusuru Hozefa: ndiyo mama, sabuni. Badala ya kulisema akakimbilia kwenye kompyuta, akatafuta. Bujiku alikuwemo bado. Akachapa upya, na printa ikamtoa polepole: paji la uso, macho, kidevu, vyote viking'aa.

Paskazia akaipokea kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga.

"Ubarikiwe. Sasa itumbukize kama alivyofanya mzee. Nione kwa macho yangu kwamba ilikuwa sabuni, nikawaambie na watoto."

Hozefa akainama chini ya kaunta. Beseni lilikuwa pale pale, limejaa vumbi. Akalishika, na mkono ukagoma kulivuta. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, akabaki ameinama kwa sababu kuinama kulikuwa rahisi kuliko kumtazama.

"Hakukuwa na sabuni, mama," akasema huko huko chini. "Ni wino wa printa. Hauwezi maji. Kulikuwa na nyingine nzuri zaidi, nikachagua hii kwa kung'aa kwake."

"Ulijua ulipokuwa unanikabidhi?"

Akainuka.

"Nilijua. Nisamehe. Nitaipeleka Dar ikachapwe kwenye ile nyingine, na nitakuletea Masumbwe mwenyewe. Na watoto nitawaambia mimi."

Machozi ya Paskazia yalikuwa yamefika kidevuni. Alipoyahisi aliisogeza picha haraka, akainyoosha mbele kwa urefu wote wa mikono yake, mbali na uso.

"Basi mpaka utakapoileta hiyo nyingine," akasema, "mume wangu nitamlilia kwa mbali."